Ganda la Muwa la Jana: Taka za Viwandani na Haki ya Mwananchi Kujua

Wahenga walisema kwamba ganda la muwa la jana chungu kaona kivuno. Aghalabu methali hii hufundishwa madarasani kama funzo kuhusu unyonge wa chungu, yule mdudu mdogo anayeshukuru kwa kile ambacho mwenye meno amekwisha kukitema. Hata hivyo, methali hiyo hiyo yaweza kusomwa kwa jicho jingine. Inadokeza kuwa kinachoitwa taka na mmoja huwa mavuno kwa mwingine, na kwamba tofauti baina ya hayo mawili haimo katika ganda lenyewe bali katika maarifa ya anayelitazama. Kwa nchi kama Kenya, ambayo kupitia Ruwaza ya 2030 iliyozinduliwa mwaka 2008 ilijiwekea lengo la kuwa taifa la viwanda, fasiri hii ya pili ina uzito mkubwa. Kila kiwanda kinapofunguliwa, pamoja na bidhaa inayopelekwa sokoni huzaliwa pia mabaki ambayo sharti yaende mahali fulani. Suala ni je, yanakwenda wapi, na ni nani anayejua?

Makala haya yanashikilia kwamba Kenya haina uhaba wa sheria kuhusu taka za viwandani. Inachokosa ni maarifa yanayoshirikiwa na wote: maarifa ya kila kiwanda kuhusu kinachotupwa na jirani yake, na zaidi ya yote, maarifa ya mwananchi anayeishi chini ya bomba la moshi kuhusu kile kinachotoka humo. Maarifa hayo hayawezi kushirikiwa pasipo lugha. Ndiyo maana mjadala huu, ambao kwa kawaida huachiwa wahandisi na wanakemia, unawahusu pia wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Ni vyema kuanza na kile ambacho lugha yenyewe inakijua. Katika mazungumzo ya kiofisi siku hizi, neno moja tu, taka, hubebeshwa mzigo wa kila kitu kisichotakiwa. Kiswahili cha jadi hakikuwa na umaskini huo. Nafaka ikikobolewa hutoa kumvi na pumba, na mpunga ukitwangwa huacha wishwa. Mbegu zikikamuliwa mafuta hubakia mashudu, ambayo ni chakula cha mifugo. Nazi ndiyo mfano ulio bora zaidi. Makumbi yake hufukiwa katika tope la pwani hadi yalainike, kisha hupondwa yakatoa usumba wa kusokotea kamba. Kifuu hutengenezewa upawa au huchomwa kama kuni. Machicha yanayobakia baada ya tui kuchujwa hupewa kuku. Hata mhunzi alikuwa na jina la uchafu uliotoka katika kalibu yake: mavi ya chuma. Ikumbukwe kwamba kila mojawapo ya majina haya hubeba habari tatu kwa mkupuo mmoja, yaani mabaki yametokana na nini, yametokana na kazi gani na, mara nyingi, yanafaa kwa nini. Jamii iliyoyapa mabaki yake majina ilikuwa tayari imeyapangia matumizi. Jamii inayoyaita yote taka imekwisha kuyahukumu kwenda jaani.

Viwanda vya kisasa vinavyofuata mkondo huo wa nazi vipo, na baadhi yake vimo humu nchini. Miwa inaposagwa, takriban robo hadi thuluthi ya uzani wake hubakia kama makapi. Kwa miaka mingi makapi hayo yalirundikwa nje ya viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya hadi yakawa vilima. Mnamo mwaka 2009 kampuni ya sukari ya Mumias ilianza kuyachoma katika mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme, ikatumia kiasi katika kiwanda chake na kuuza takriban megawati 26 kwa gridi ya taifa. Mwaka 2012 ikaongeza kiwanda cha kugeuza molasi kuwa ethanoli. Kwa kipindi hicho, hakuna aliyeweza kuyaita makapi yale taka. Hali kadhalika, machicha ya shayiri yanayotoka katika viwanda vya bia vya Nairobi hununuliwa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa viungani mwa jiji, na kwa mfugaji huyo malori ya machicha yanapochelewa ni hasara ya maziwa.

Mfano wa tatu unatoka pwani. Uchimbaji wa mawe ya matumbawe kwa ajili ya saruji huko Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, uliacha mashimo makubwa yasiyoota hata jani. Kuanzia mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, alijaribu kupanda aina 26 za miti katika ardhi hiyo ya mawe na chumvi. Ni aina chache mno zilizonusurika, mvinje ukiwa mbele yazo. Lakini majani ya mvinje yaliyodondoka hayakuoza, hivyo udongo haukupatikana. Suluhisho lilikuwa majongoo. Waliachiwa humo, wakayala majani yale, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji. Leo mahali hapo pana msitu, mabwawa ya samaki na wanyama, na pameitwa kwa jina la mtaalamu huyo. Funzo la Bamburi ni kwamba kurejesha kilichoharibiwa kunawezekana, ila kunadai subira ya miaka mingi na mtu anayeangalia kwa makini jambo gani hasa limekwama na kwa sababu gani.

Nje ya bara hili, mji mdogo wa Kalundborg nchini Denmark hutajwa mara kwa mara katika taaluma ya viwanda. Kuanzia miaka ya 1970, viwanda vya mji huo viliunganishwa kidogo kidogo kwa mabomba na mikataba. Mvuke uliobaki katika kituo cha umeme ulipelekwa katika kiwanda cha kusafisha mafuta na kile cha dawa. Kuanzia mwaka 1993, jasi iliyopatikana kwa kuusafisha moshi wa makaa ya mawe ilipelekwa katika kiwanda jirani kinachotengeneza mbao za ukutani. La kutiliwa maanani ni kwamba mfumo huo haukubuniwa na wizara yoyote. Ulianza kwa sababu wakuu wa viwanda walikuwa majirani waliofahamiana, na kila mmoja alijua mwenzake anatupa nini. Linganisha hali hiyo na ile ya Athi River, Changamwe au Eneo la Viwanda la Nairobi, ambako kuta za viwanda hugusana ilhali daftari la wazi linaloonyesha nani anatupa nini halipo mikononi mwa umma. Huenda anayetupa na anayehitaji wametenganishwa na ukuta mmoja tu.

Kufikia hapa msomaji anaweza kuhitimisha upesi kwamba dawa ya taka ni kuzitumia upya, basi. Hitimisho hilo ni la hatari, na ushahidi wa hatari yake uko Owino Uhuru.

Owino Uhuru ni kitongoji cha kaunti ya Mombasa chenye wakazi wapatao 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi kikipakana na makazi hayo. Yafaa kusisitizwa kwamba kiwanda hicho hakikuwa cha kuzalisha taka kwa maana ya kawaida. Kilikuwa kiwanda cha kutumia taka upya. Kilichukua betri zilizokufa, kikatoa madini ya risasi yaliyomo ndani yake, na kuyauza ng'ambo. Kwa mujibu wa hoja za wapenzi wa uchumi wa matumizi mapya, hicho kilipaswa kuwa kiwanda cha mfano. Badala yake moshi wake ulitanda juu ya mabati ya nyumba, na maji machafu yakapita baina ya vibanda ambamo watoto walicheza. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Vipimo vya watoto wengine vikaonyesha hali iyo hiyo. Madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linashikilia kwamba hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kina mama wa kitongoji hicho walisimulia kuhusu mimba zilizotoka.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata Omido alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Lakini tuzo si tiba. Kesi ya wakazi ilifikishwa mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa, ambayo mwaka 2020 iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, huku asasi za serikali zilizopaswa kuwalinda zikibebeshwa sehemu kubwa ya lawama. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao kiwanda kilifunguliwa alikuwa amefika umri wa kidato cha tatu au cha nne kabla ya neno la mwisho la mahakama kutamkwa. Almuradi sheria ilifika, ila ilifika ikiwa imechelewa kwa kizazi kizima.

Je, ni kwamba nchi haikuwa na sheria? La hasha. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilipitishwa mwaka 1999 na ndiyo iliyoiunda NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Kanuni za Usimamizi wa Taka zilifuata mwaka 2006, mwaka mmoja kabla ya kiwanda cha Owino Uhuru kuwasha tanuri. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, ilimpa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ikaweka wajibu wa kutenganisha taka zinakotoka, na kanuni za mwaka 2024 zikambebesha mzalishaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya mnunuzi kuitupa. Kwa karatasi, Kenya imejihami barabara.

Lakini karatasi hizo zimeandikwa kwa lugha gani? Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zilitaka mradi utangazwe redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na wananchi waitwe mikutanoni watoe maoni yao. Nia hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo, kutangaza kwamba kuna ripoti ni jambo moja, na kuielewa ripoti yenyewe ni jambo jingine. Ripoti ya tathmini huwa kitabu kizima cha majedwali na istilahi, na kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mkazi wa kitongoji huambiwa mkutano ni lini, akaketi kwenye hema, akasomewa muhtasari unaotaja ajira zitakazopatikana, kisha akatia sahihi. Huko si kushirikishwa. Ni kuhudhuria.

Isitoshe, hata pale Kiswahili kinapotumika, hutumika kwa uzembe. Chukua neno lenyewe risasi. Katika kamusi lina maana mbili: madini laini mazito ya kijivu, na kile kitu kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Kwa Wakenya wengi maana ya pili imeimeza ya kwanza. Tangazo linalosema "sumu ya risasi" na kuishia hapo linamwacha msomaji akijiuliza ni nani aliyepigwa risasi. Tangazo linalosema kwamba vumbi la betri zinazoyeyushwa lina madini ya risasi, kwamba madini hayo huingia mwilini kwa kupumua na kwa mikono michafu, na kwamba humdhuru mtoto kuliko mtu mzima, hilo limesema jambo. Tofauti baina ya matangazo hayo mawili si ya mtindo. Ni tofauti baina ya mama anayemwosha mtoto mikono na mama asiyejua kwa nini afanye hivyo.

Hali si tofauti upande wa sekta ya jua kali. Mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi wameishi kwa miongo mingi kwa kuyafanya mapipa na mabati yaliyotupwa kuwa masanduku, makarai na majiko. Washona akala hugeuza magurudumu yaliyokwisha kuwa viatu. Watu hawa ni mabingwa wa kutumia upya, na walianza kazi hiyo kabla ya sera yoyote kuitaja. Lakini pipa linalofika mikononi mwa fundi huenda lilibeba mafuta ya kupikia, na huenda lilibeba kemikali ya kuulia wadudu. Ikiwa maandishi yaliyo juu yake hayasomeki kwake, hana njia ya kutofautisha. Pipa hilo likigeuka tangi la maji nyumbani kwa mtu, kosa si la fundi peke yake.

Wapo watakaopinga hoja hizi. Wenye viwanda husema kwamba masharti zaidi ni gharama zaidi, na kwamba mwekezaji akibanwa atahamia nchi jirani. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwani ajira ni haki pia. Ila gharama ya taka haitoweki kwa kutolipwa na kiwanda. Huhamishwa tu ikalipwa na damu ya mtoto, kisha ikalipwa tena na mlipa ushuru pale mahakama inapoamuru fidia. Jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lilipokea taka za nyumbani na za viwandani bila kutofautisha. Uchunguzi uliochapishwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2007 uliwapima watoto na vijana 328 waliokuwa wakiishi karibu nalo, ukabaini kwamba nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Hiyo ndiyo gharama iliyodhaniwa kuwa imeokolewa.

Wengine watauelekeza ubishi wao kwenye lugha, wadai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kubeba sayansi hii. Dai hili limezeeka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Katiba ya Kenya ipo kwa Kiswahili, na Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa pia zimechapishwa kwa lugha hiyo. Lugha iliyoweza kubeba Katiba haitashindwa na lebo ya pipa.

Yanayopaswa kufanywa ni mengi, lakini manne hayawezi kungoja. Kwanza, kila kaunti iwe na daftari la wazi la mabaki ya viwandani, linalotaja kila aina kwa jina lake, kiasi chake na mahali yanakopelekwa. Daftari hilo litamfaa mwenye kiwanda anayetafuta malighafi na pia mkazi anayetafuta usalama. Pili, kiwanda chochote cha kutumia upya taka zenye sumu, hasa betri, kitengwe mbali na makazi, na damu ya wafanyakazi pamoja na udongo wa jirani vipimwe mara kwa mara, matokeo yakibandikwa hadharani. Jina zuri la matumizi mapya lisiwe hirizi ya kukiepusha na ukaguzi. Tatu, ripoti zote za tathmini ziwe na toleo kamili la Kiswahili, wala si muhtasari wa kurasa mbili, na lebo za hatari ziandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka na fundi wa kawaida. Nne, serikali itambue kwamba matumizi mapya hutegemea uhai wa kiwanda mama. Umeme wa makapi ya miwa wa Mumias haukukosa teknolojia. Ulikufa kwa sababu kampuni yenyewe ilizama katika madeni hadi mali yake ikakabidhiwa meneja aliyeteuliwa na benki mwaka 2019. Kiwanda kisichosimamiwa vyema hakiwezi kusimamia vyema hata mabaki yake.

Katika hayo manne, la tatu ni deni la idara za Kiswahili. Kila mwaka wanafunzi wa shahada huandika tasnifu kuhusu tafsiri na uundaji wa istilahi, na nyingi kati ya tasnifu hizo huishia katika rafu za maktaba. Hakuna kinachowazuia wanafunzi wa isimu kuketi pamoja na wenzao wa kemia na sheria, wakatafsiri Sheria ya mwaka 2022 kifungu kwa kifungu, wakaijaribu tafsiri yao mbele ya wakazi wa mitaa inayopakana na viwanda, na kuirekebisha pale wasikilizaji wanapokunja nyuso. Hakuna kinachowazuia kukusanya majina ya mabaki kutoka kwa wafuma kamba wa Lamu, wakamuaji mafuta na mafundi wa Kamukunji kabla majina hayo hayajamezwa na neno moja tu. Kazi hiyo ni ya kitaaluma, na pia ni ya kuokoa maisha.

Chungu wa methali alilijua ganda la muwa. Alijua kwamba lina utamu na kwamba halina sumu, ndipo akaliona kivuno. Mwananchi wa Kenya anaombwa alione ganda la kiwanda kuwa kivuno bila kuambiwa lina nini ndani yake. Aambiwe kwanza, na aambiwe kwa lugha anayoielewa.